Kadi ya Ubatizo ya Anastazia wa Kwanza

Barua ilifika Guangzhou ndani ya kiatu. Abdulsamad, mfanyabiashara wa viatu kutoka Mombasa, ndivyo alivyozoea kubeba barua za watu: huikunja kila moja mara mbili, akaitia ndani ya kiatu kimoja cha sampuli begini mwake, na hajawahi kupoteza hata moja. Alimkuta Anastazia Mueni pale anapokutwa siku zote, kwenye stoo ya kargo ya Kariuki, mwajiri wake, katika barabara ya Guangyuan Xilu, amepiga magoti juu ya robota la suruali za jinzi, anashona mdomo wa gunia kwa shazia, ile sindano ndefu iliyopinda ncha.

"Mama Stazia, shikamoo. Nimekubebea bahasha yenye dirisha."

"Marahaba, baba. Imetoka wapi?"

"Ndugu yako Pius aliituma kwa basi mpaka dukani kwangu. Nami nakwambia mapema: tangu nizaliwe sijaona bahasha ya dirisha ikaleta habari ya harusi."

Anastazia alicheka, akaitia mfukoni mwa aprini. Hakuifungua mpaka amalize gunia lile, maana alifundishwa kwamba mshono haukatizwi katikati. Alipomaliza alinawa mikono, akaenda dirishani. Ilikuwa Aprili ya mwaka wa elfu mbili na saba na mvua za huko zilikuwa zimeanza. Wapagazi walikuwa wanasukuma mikokoteni barabarani huku wamejifunika nailoni kichwani.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Anastazia alisoma mpaka darasa la saba, na Kiingereza alikuwa anakwenda nacho polepole, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyomwagikiwa na sabuni. Alishika mambo mawili tu. La kwanza, kwamba tarehe tisa Juni alikuwa anatimiza miaka sitini. La pili, kwamba kuanzia Julai pensheni yake ya kiwanda itapungua, na kitakachobaki ni theluthi moja.

Yeye alikuwa na miaka hamsini na mitano. Aliyekuwa anatimiza sitini tarehe tisa Juni alikuwa amelala kaburini tangu akiwa na miaka mitatu.

"Ee Yesu," alinong'ona, "wamemkumbuka."

Kwao Kangundo, Kenya, mama yake alizaa Anastazia mara mbili. Wa kwanza alizaliwa mwaka wa arobaini na saba, akabatizwa, na surua ikamchukua. Wa pili alizaliwa mwaka wa hamsini na mbili, akapewa jina lile lile ili lisipotee nyumbani. Na kwao ilikuwa mwiko kumtaja mtoto aliyekufa mbele ya yule aliyepewa jina lake. Basi msichana akakua akijua tu kwamba nyuma ya nyumba, karibu na katani, kuna mahali hapalimwi.

Alipofika miaka kumi na sita baba yao alifariki, na kiwanda cha sabuni kikatangaza kazi kwa waliotimiza kumi na minane. Mama alifungua mkebe wake wa ugoro, ule aliofichia kila kitu cha thamani, akatoa kadi ya ubatizo, ya rangi ya kahawia, yenye kovu la mchwa pembeni.

"Chukua hii," alisema. "Yeye haihitaji. Na usiniulize."

Hakuuliza. Karani wa kiwanda aliandika mwaka wa arobaini na saba kwenye faili, na msichana wa miaka kumi na sita akaingia kazini akiwa na ishirini na mmoja. Miaka kumi na moja baadaye, alipoandikishwa kitambulisho kwa chifu, alitoa cheti cha shule, akaandikiwa hamsini na mbili. Kiwandani walichukua namba ya kitambulisho peke yake. Hakuna mtu aliyeweka karatasi mbili pamoja. Miaka thelathini na mitatu alifunga katoni za sabuni, na kila alipopita mbele ya ofisi ya mafaili alifanya ishara ya msalaba, kimya kimya, ndani ya mfuko wa koti.

Jioni ile, mvua ilipopungua, alimpelekea Kariuki barua. Kariuki alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kile kile kabla hakijafungwa, na ndiye aliyemwita Uchina miaka miwili iliyopita, kwa sababu, alikuwa akiwaambia watu, robota lililofungwa na Mama Stazia halijawahi kufunguka njiani. Aliisoma mara moja, akairudisha.

"Hii si mbaya, Mathe. Unakumbuka siku kiwanda kinafungwa, pale kantini? Mlipewa fomu yenye visanduku viwili."

Alikumbuka. Kisanduku cha kwanza: pensheni ya kiasi kimoja mpaka kufa. Cha pili: kubwa sasa, ndogo baadaye. Respicius, mtu wa chama cha wafanyakazi, alipanda juu ya meza na kupaza sauti: "Akina mama, chukueni kubwa sasa! Kesho ni ya Mungu!" Wanawake wote wa kufunga katoni walitia alama kisanduku cha pili, wakiimba. Na yeye akatia.

"Sasa sikiliza," Kariuki alisema. Akapiga robota lililokuwa karibu naye kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni. "Robota likitoka kwenye mashine, sisi tunafanya nini kwanza? Tunalifunga kwa kamba ili lisifumuke. Halafu mkanda wa chuma unakuja, tunaukaza, na kamba tunaikata. Si ndiyo? Basi kiwanda kilikupa kamba. Ile nyongeza ilikuwa ya kukushikilia mpaka ufike sitini, umri ambao mfuko wa serikali unaanza kukulipa pesa ulizokuwa ukikatwa. Mkanda ni serikali. Ukifika, wanakata kamba. Wewe enda na kitambulisho chako kwa mfuko wa serikali, uchukue haki yako. Kuna shida gani?"

Anastazia aliikunja barua. "Hakuna shida," alisema.

Lakini alikuwa ameshaona. Kamba ingekatwa kwa miaka ya dada yake. Mkanda ungekuja kwa miaka yake mwenyewe, kwa kitambulisho kinachosema hamsini na mbili, na wale watu wa serikali wangemwambia, rudi baada ya miaka mitano. Robota lingekaa miaka mitano bila kamba wala mkanda.

Na ndani ya robota lile alikuwa mama yake. Alikuwa na miaka themanini, miguu haikuwa na nguvu tena, na macho yalibaki ya kutambua mwanga tu. Pensheni ilikuwa inamlipa Mama Ndinda, mjane wa jirani, amwinue asubuhi, amwoshe, amlishe, amlaze. Alichopata Anastazia kwa kufunga mizigo kiliishia kwenye chumba na kwenye viza. Mama Ndinda alikuwa mtu mwema, lakini naye alikuwa na wanawe. Angeenda kutafuta kwingine. Anastazia alimwona mama yake kitandani, ameamka, anaita, na nyumba imenyamaza.

Usiku hakulala, na mchana mkono wake ulianza kukosea. Siku ya tatu alijidunga shazia kwenye kidole gumba mpaka damu ikaingia kwenye gunia la watu.

Séphora, mwanamke wa Lubumbashi aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, ndiye aliyemfungia kidole kitambaa. Séphora alinunua vitenge na nywele bandia, na hakuwa mtu wa kuzunguka maneno.

"Mama Anastazia, weye unaumwa roho, haiko kidole. Sema."

Akasema. Lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa kinywa hata kwenye kitubio, maana tangu utotoni lilikuwa la mama yake, si lake. Aliposema "dada yangu," ilibidi arudie, kwa sababu hakuwahi kuyatumia maneno hayo mawili.

Séphora alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi mara moja. "Bon. Basi andika kwao, uwaambie ukweli."

"Watasema nimewadanganya miaka thelathini na tisa. Watanikata yote. Watasema nirudishe niliyokula. Watanifunga, Séphora."

"Bon. Basi usiandike. Tengenezesha kitambulisho cha arobaini na saba, serikali yenu ikulipe sasa. Karatasi zako zote zitakuwa na mwaka mumoja. Huku kila kitu banatengeneza! Hujaona namba za simu bameandika chini pale soko la Liuhua, kando ya stesheni? Dada, hata cheti cha udaktari batakupa, uende kupasua watu."

"Hiyo ni dhambi."

"Na ile kadi ya ubatizo ilikuwa nini, sakramenti?"

Swali hilo ndilo lililompeleka Anastazia. Alijiambia kwamba sikuzote amekuwa ndani ya uongo, basi hatua moja zaidi si safari. Woga una maneno yake matamu. Aliingia Liuhua saa sita mchana, katikati ya watu waliobeba mifuko ya nguo kama mchwa, akaifuata namba iliyoandikwa kwa wino mweusi kwenye nguzo ya daraja la waendao kwa miguu. Séphora alipiga simu kwa niaba yake. Akaja mtu mfupi mwenye kofia na miwani, anatafuna mbegu za alizeti, akawaita pengyou, yaani rafiki. Alikitazama kitambulisho cha Kenya, akaitazama kadi ya ubatizo, ambayo Anastazia hakuwahi kuachana nayo, akainusa, akatabasamu. Siku tatu, alionyesha kwa vidole. Akavitia vyote viwili mfukoni, akapotea kwenye umati.

Hapo ndipo Anastazia alipoelewa alichofanya. Kadi ile ilikuwa kitu pekee duniani kilichoonyesha kwamba mtoto yule aliwahi kuishi. Hakukuwa na picha yake. Hakukuwa na jiwe kaburini. Naye alikuwa ameikabidhi kwa mtu asiyemjua jina.

"Séphora, mwite arudi."

"Harudi sasa. Nyamaza, mama, kuna polisi pale juu."

Siku tatu zile alizihesabu kwa hatua za watu kwenye ngazi. Walikaa ghorofa ya sita, na msimu ule polisi walikuwa wakipita majengo ya wageni kutazama pasipoti. Pasipoti yake ilikuwa halali, viza yake ilikuwa halali, lakini alikuwa ameshajiona mhalifu, na mhalifu hata taa ya ngazi ikiwaka hutetemeka. Siku ya pili waligonga kweli. Askari kijana alishika pasipoti, akaangalia picha, akamwangalia yeye, akaangalia tena. Mwaka wa hamsini na mbili ulikuwa pale, umechapwa. Askari alirudisha pasipoti, akasema neno, wakaenda mlango wa pili.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Amesema una uso wa kijana," alijibu Séphora, ambaye hakujua Kichina cha kutosha kusema lolote. Wakacheka wote wawili mpaka Anastazia akaanza kulia.

Siku ya Jumapili mtu mwenye kofia alikuja kama alivyoahidi. Bahasha ilikuwa nene. Anastazia hakuifungulia barabarani. Alikwenda nayo moja kwa moja mpaka barabara ya Yide Lu, akapita maduka ya samaki wakavu na wanasesere, akaingia katika Kanisa la Mawe, lililokuwa limefunguliwa tena mwaka huo baada ya kukarabatiwa. Misa ya Kiingereza ya alasiri ilikuwa bado. Alikaa benchi la nyuma, chini ya kioo cha rangi, akamwaga bahasha mapajani.

Kitambulisho chake cha kweli kilikuwepo. Kando yake kulikuwa na kingine, kipya lakini kimechakazwa kidogo kwa ustadi, chenye picha yake, jina lake, alama ya kidole chake. Na chini ya uso wake: tarehe tisa Juni, elfu moja mia tisa arobaini na saba.

Uso ulikuwa wake na siku ilikuwa ya maiti. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa amezeeka kwa siku tatu, amekuwa na mikunjo na nywele za mvi, anamtazama. Aliona kana kwamba amepigwa picha akiwa ndani ya kaburi lile la kando ya katani.

Halafu akaona kadi. Zilikuwa mbili.

Yule mtu alikuwa ametengeneza na kadi vilevile, pengine kwa kuona ni kazi ya kujivunia. Rangi moja ya kahawia. Kovu moja la mchwa. Mwandiko ule ule wa padre, uliolala upande mmoja. Anastazia alizigeuza, akaziinua kwenye mwanga, akazilaza tena, na hakujua ipi ni ipi. Alianza kuzisogeza haraka haraka kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Akawaza: Niliikubali iende, nikaletewa mbili, na sasa sina hata moja. Dada yangu, nisamehe, sikujui. Sikujui hata karatasi yako.

Mwishowe alifanya alivyofanya mtu mwenye kofia. Aliipeleka moja puani. Ilinuka wino. Aliipeleka ya pili, akavuta pumzi, na mkebe wa ugoro wa mama yake ukamfungukia mle kanisani, wenye ukali wa tumbaku na magadi, baada ya miaka thelathini na tisa. Akapiga chafya. Akapiga ya pili, kubwa, mpaka bibi wa Kichina aliyekuwa akisali rozari mbele yake akageuka.

"Samahani, mama," Anastazia alisema kwa Kiswahili, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Hakungoja misa ianze. Alikwenda kwenye kibanda cha simu, akapiga namba ya Mama Ndinda. Kangundo ilikuwa bado asubuhi, na Mama Ndinda akampelekea mama simu.

"Mwaitu," alisema, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, "mimi nimeipata barua kutoka kiwandani. Wanasema nina miaka sitini."

Alisikia kuku.

"Mwaitu, unanisikia?"

"Nakusikia. Nilidhani nitakufa kabla hujaniuliza." Sauti ya mama ilikuwa nyembamba. "Ulikuwa na miguu mirefu kama yake. Nilikuwa nikikuona unatoka kwenda kazini, nasema, angekuwa hivi. Kisha naogopa, nasema Mungu atanichukulia na huyu kwa kuwachanganya."

"Na mimi nimeogopa siku zote."

"Mrudishie miaka yake. Andika."

"Watanifunga, Mwaitu. Au watakata yote, na wewe nani atakuinua?"

"Wakufunge wewe? Kadi nilikupa mimi. Waje wanifunge mimi, nao wapate kujua kazi ya kuniinua." Mama alikohoa, au alicheka. "Andika, mwanangu. Mimi nimechoka kuificha."

Kesho yake Anastazia alikata kitambulisho cha uongo na kadi ya uongo kwa mkasi wa kukatia mikanda, vipande vidogo kama mchele, akavitupa. Kisha akaenda kwa Kariuki, akafunga mlango wa ofisi na kusema yote akiwa amesimama.

Kariuki aliweka kalamu chini. Halafu akamnyooshea kidole. "Kumbe! Mathe, kwa hivyo tumetofautiana miaka mitatu tu? Na mimi nimekuwa nikikupisha kiti tangu siku za kiwandani! Nirudishie viti vyangu."

"Kariuki, usinichekeshe. Naogopa."

Akaacha kucheka. "Na una haki ya kuogopa. Sitakudanganya. Wakipata barua hii, jambo la kwanza watasimamisha kila kitu mpaka wachunguze. Hata ile theluthi. Na wanaweza kusema ulighushi. Lakini ukinyamaza, ni miaka mitano ya theluthi tupu. Na ukifa kabla, watakuzika na tarehe ya mwingine."

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomfanya aamue. Kariuki aliandika kwa Kiingereza, akamtafsiria kila mstari kwa Kiswahili kabla Anastazia hajatia sahihi: kwamba aliajiriwa kwa kadi ya marehemu dada yake, kwamba alikuwa na miaka kumi na sita, kwamba anaomba umri wake wa kweli uandikwe, na nyongeza iendelee mpaka afike sitini kwa haki. Aliambatisha nakala ya cheti cha shule na ya kadi. Abdulsamad, aliyekuwa anaondoka wiki ile, aliitia kiatuni.

"Hii haina dirisha," alisema. "Ina nafuu."

Tarehe tisa Juni iliangukia Jumamosi. Anastazia aliomba ruhusa, akaenda Kanisa la Mawe, akawasha mshumaa mmoja na kumwombea dada yake kwa jina, kwa mara ya kwanza maishani. Ilikuwa shida, maana kila aliposema "Anastazia, apumzike kwa amani," aliona kana kwamba anajiombea mwenyewe. Alisema hivyo hivyo.

Julai ikaja na benki haikupokea kitu. Hata theluthi haikuja. Kariuki alikuwa amemwonya, lakini kuonywa hakuzuii kuanguka. Mama Ndinda alisema atakaa mwezi huo kwa hisani, wa pili hawezi kuapa. Kila simu iliyolia stoo ilimfanya Anastazia aache kushona. Agosti ilipoanza, Pius akapigiwa simu kutoka ofisi ya pensheni: walitaka kumwona shahidi aliyewajua watoto wote wawili. Walikuwa wamebaki wangapi? Padre alikufa. Mkunga alikufa. Alibaki mmoja, na hakuweza kusimama.

"Nitakwenda," mama alisema. "Mnibebe."

Pius alimweka kwenye gari la mboga la jirani, juu ya godoro, kati ya vikapu, akampeleka mpaka Nairobi. Anastazia siku ile hakushona. Alikaa kwenye robota, simu mkononi, rozari mkononi, na mkono haukujua ushike kipi. Saa kumi na moja jioni simu ikalia.

"Pius?"

"Tumetoka sasa hivi. Ngoja niheme." Alikuwa nje, magari yalisikika. "Stazia, kulikuwa na wanaume wawili wenye tai na mwanamke mmoja. Mafaili hivi. Mama wakamweka kwenye kiti cha bosi, maana ndicho chenye mikono. Yule mwanamke akamwuliza, 'Nyanya, wewe ulizaa wasichana wangapi wenye jina Anastazia?'"

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Wawili. Mmoja nilimzika mwenyewe na jembe la mume wangu. Mmoja yuko Uchina anafunga mizigo ya watu. Mliyemlipa ni huyu. Mliyemhesabia miaka ni yule. Sasa mwacheni yule alale.'"

Anastazia alifunga macho.

"Wale wenye tai wakatazamana," Pius aliendelea. "Halafu mwanamke akafunga faili, akatoka kwenda kuuliza wakubwa. Tukakaa, dada, nilikuwa naona jela. Akarudi. Wanaandika hamsini na mbili. Nyongeza inarudi, mpaka utimize sitini ya kwako. Lakini ile miaka miwili uliyofanya kazi kabla ya kumi na minane wanaifuta, haihesabiki, kwa hivyo pensheni itapungua kidogo siku zote. Na ukija Kenya lazima ufike mwenyewe, utie kidole mbele yao. Hilo bado."

"Nitafika," alisema.

"Mama anataka kusema nawe."

Sauti ile nyembamba ikaja, imechoka. "Wewe, wa pili."

Hakuwahi kumwita hivyo. "Naam, Mwaitu."

"Kadi unayo?"

"Ninayo."

"Iletwe. Nataka irudi mkebeni kabla sijafa."

Abdulsamad alikuja tena mwezi wa Septemba. Siku ya kuondoka kwake, Anastazia alishuka mwenyewe kwenye maduka ya viatu ya Liuhua, akachagua kwa muda mrefu, mpaka mwenye duka akakunja uso. Alinunua jozi moja, nyekundu, yenye kifungo, ya mtoto wa miaka mitatu. Akaikunja kadi ya kahawia mara moja tu, taratibu, akaiingiza katika kiatu cha kushoto, na juu yake akashindilia karatasi laini.

"Hivi viatu ni vya nani, Mama Stazia?" Abdulsamad aliuliza. "Nisije nikaviuza."

"Usiviuze, baba. Vipeleke vyote viwili. Ni vya dada yangu."